Uzi: Ukuta ukiachia saiti, nani anafanya nini? Tupange kabla ya kumwaga zege (Lamu, Malindi na pwani yote)

Fomeni wa Langoni (mwanzisha uzi)

Asalaam aleikum wanajamvi, na hamjambo nyote.

Mimi ni fomeni. Kazi yangu kubwa ni nyumba za kale hapa Lamu mjini: kuta za matumbawe, dari za boriti, chokaa. Siku hizi naitwa zaidi kuongeza ghorofa juu ya nyumba ambazo waliozijenga hawakuiwazia ghorofa hiyo. Naleta jambo ambalo limenikaa rohoni kwa miaka, na naomba tulizungumze kwa uzito wake, maana wengi humu mnapanda majukwaa kila siku.

Nilipokuwa bado fundi wa kawaida, tulikuwa saiti moja Langoni, mtaa wa hapa Lamu mjini. Ukuta wa chumba cha nyuma ulikuwa umenyeshewa usiku kucha, na juu yake tulikuwa tumerundika simiti na kokoto. Asubuhi, kama saa nne hivi, ukaachia. Vumbi la chokaa likajaa nyumba nzima, mtu haoni mkono wake. Tukatoka mbio, wengine kwa mlango wa mbele, wengine wakarukia dari ya jirani. Tukajikusanya kichochoroni, na hapo mmoja akapiga kelele kwamba fulani hayuko. Basi tukarudi ndani wote, bila kujua kama ukuta uliobaki utasimama, tukaanza kufukua kwa mikono. Karibu nusu saa. Yule tuliyekuwa tukimfukua alikuwa ameenda gatini kupokea mchanga.

Wakati huo huo, upande wa ngazi, kulikuwa na kijana amebanwa mguu. Alikuwa kibarua wa siku ile ile, wala hakuna aliyelijua jina lake. Alikuwa akigonga ndoo kwa jiwe. Hatukumsikia, kwa sababu jenereta ilikuwa bado inanguruma. Hakuna aliyekuwa na kazi ya kuizima.

Alipona, alhamdulillahi, lakini mguu haukurudi ulivyokuwa. Na mpaka leo sijui kama siku ile tulikuwa watu 17 au 19.

Sasa sikilizeni lililoniuma zaidi. Mpango wa dharura tulikuwa nao. Karatasi ilibandikwa mlangoni, na majina matatu yaliandikwa. Mwenye jina la kwanza alikuwa amehamia Mombasa. Wa pili hakuja kazini siku ile. Wa tatu alikuwa ameshapata kazi bandarini Kililana. Saiti zetu si kiwanda ambacho watu ni wale wale mwaka mzima. Leo una vibarua wanane, kesho watano, na wawili kati yao ni wageni. Ndiyo maana nasema kazi ya dharura apewe mtu aliyekuja leo, atajwe asubuhi hii mbele ya wenzake, na wenzake wamwone uso. Jina la kwenye karatasi halizimi jenereta.

Ninavyofanya sasa ni hivi. Kabla ya mtu kushika koleo, tunasimama dakika tano. Wa kwanza kutajwa ni mwenye daftari. Huyu anaandika kila anayeingia na kila anayetoka, hata anayetoka kwenda kununua mahamri, hata mama anayetuletea chakula, hata wachunga punda wanaoshusha mchanga ndani ya kizingiti. Hao wa punda ndio tunaowasahau siku zote, kwa sababu wanaingia na kutoka mara ishirini. Nimewapa vipande vya mbao vilivyopakwa rangi: ukiingia chukua, ukitoka rudisha kwenye msumari. Msumari ukiwa mtupu, kuna mtu ndani.

Mwenye daftari hana kazi nyingine siku ya balaa. Hafukui, habebi, hapigi simu. Anakimbilia mahali pa kukutanikia akiwa na daftari lake, anasoma majina, na anasema kwa sauti nani hajaitika na mara ya mwisho alionekana wapi. Waokoaji wakijua pa kuanzia, umeshawapunguzia nusu ya kazi. Kwenye saiti ndogo ya watu kumi lazima mtu mmoja abebe kazi mbili, hilo naliafiki, lakini kuhesabu na kuokoa usizitie mkononi mwa mtu mmoja. Akisikia mwenzake analia atatupa daftari, na sitamlaumu.

Kisha yuko wa stima: swichi kuu, jenereta, mtungi wa gesi. Yuko wa simu, na huyu nimemfundisha maneno ya kusema, kwa maana vichochoro vyetu havina majina ya kumwelekeza mgeni. Anataja msikiti wa karibu, mtaa, wangapi wameumia, wameumiaje, na upande gani mtu atasimama kuwapokea. Na hakati simu kabla ya anayemsikiliza kumaliza. Namba za dharura za Kenya ni 999 na 112, Msalaba Mwekundu ni 1199, lakini weka pia namba ya moja kwa moja ya hospitali iliyo karibu nawe, uzijaribu kabla. Yuko wa huduma ya kwanza, aliyesomea kweli. Na yuko mtu wa kichochoroni.

Huyu wa mwisho labda msiokaa Lamu hamtamwelewa. Mji huu, ambao UNESCO iliuingiza kwenye urithi wa dunia mwaka 2001, haukujengwa kwa gari. Mahali pengine watu wawili wakipishana mmoja anageuza bega. Punda watano wenye magunia ya mchanga wakiingia upande mmoja na machela upande wa pili, machela haipiti. Kwa hiyo mtu huyu anatoka mbio mpaka kona, anasimamisha punda, anaondoa mikokoteni, anawaambia majirani watoke nyumba zinazopakana na zetu, na anawaongoza waokoaji. Majirani wasisahauliwe. Kuta za kale zimeshikana, na nyumba yako ikianguka inaweza kuvuta ya mwenzako.

Juu ya wote yuko msimamizi, ambaye siku nyingi ni mimi, na asubuhi hiyo hiyo namtaja wa kushika nafasi yangu nikitoka. Kazi ya msimamizi ni kuamua: kusimamisha kazi, kutoa watu, kukataza watu kurudi. Anasimama nje mahali anapoonekana. Akiingia ndani kufukua, saiti haina kichwa.

Mahali pa kukutanikia pia pamenisumbua. Kanuni ya mafundi ni kusimama mbali kuliko urefu wa jengo, lakini Langoni utaipata wapi nafasi hiyo? Sisi tunakwenda uwanja wa Mkunguni, mbele ya Ngome. Siku za Maulidi uwanja na vichochoro vinajaa wageni, hivyo tunahamia ufukweni. Mahali hapo napataja kila asubuhi hata kama hapajabadilika.

Nawakaribisha. Semeni mnavyofanya kwenu, na nilipokosea nisahihisheni.

---

Mjenzi Malindi

Waleikum salaam fomeni. Sisi huku Malindi gari linafika, lakini msidhani tumepona. Juzi nimepita saiti ya ghorofa nne: lori la kokoto limeegeshwa langoni, mchanga umemwagwa kando yake, na lango la pili limefungwa kwa mnyororo kwa sababu ya wezi. Ufunguo anao mlinzi wa usiku, na mchana amelala kwake. Gari la zimamoto likija litaishia barabarani tu. Kwangu nimeweka sharti kwamba lori linashusha na kuondoka, dereva habanduki kwenye usukani, na ufunguo wa lango la pili unaning'inia ndani, mahali ambapo wezi wa nje hawaufikii.

Swali langu: mnatoa ishara kwa kitu gani? Filimbi kwangu haikusikika. Grenda na mikisa vimeimeza.

---

Fomeni wa Langoni

Kaka, hilo nililijaribu nikashindwa kama wewe. Filimbi inasikika na aliye karibu tu. Sasa nimetundika ringi ya gurudumu kila ghorofa, na nyundo imefungwa kwa kamba kando yake. Yeyote anayeona hatari anaipiga mfululizo bila kuomba ruhusa, hata kibarua wa siku ya kwanza. Anayeisikia anaipiga ya kwake, ndipo anashuka. Na ringi hiyo haipigwi kwa jambo jingine lolote. Kuna saiti ilikuwa inaipiga kuitia watu chakula; siku ya hatari wangeshuka wakitafuta sahani. Wazee walisema mbiu ya mgambo ikilia kuna jambo, na maana yake ni kwamba isilie pasipo na jambo.

Hatari yenyewe tuitaje pia, maana ukuta wa matumbawe huwa unasema kabla haujaanguka. Vumbi la chokaa linadondoka pasipo na mtu juu. Ufa wa jana umeingia kidole leo. Boriti inalia. Mlango uliokuwa ukifunga sasa unakwama. Ukiona moja katika hayo, piga ringi. Nikiambiwa mara kumi na ikawa si kitu, mara ya kumi na moja nitatoka vile vile.

---

Muuguzi wa Pwani

Asante sana kwa uzi huu. Naongea kwa yale ninayoyaona watu wakiletwa.

Aliyeanguka kutoka juu mnamuinua kwa mikono na miguu, mnamweka juu ya mkokoteni, mnakimbia naye kwenye mawe. Kama uti wa mgongo umevunjika, safari hiyo inaweza kummalizia miguu. Kama mahali alipo hapana hatari ya moto wala kuangukiwa, mwacheni hapo hapo, mshikilieni kichwa kisigeuke, mfunikeni, mzungumze naye mpaka machela ije. Asipopumua, hilo ni jingine, kupumua kunatangulia mgongo. Damu inayoruka: bonyeza kwa nguvu kwa kitambaa safi na usiondoe mkono kuchungulia. Aliyenaswa na stima msimguse mpaka swichi ikatwe. Ndiyo maana nimefurahi fomeni kumpa mtu kazi hiyo peke yake. Waya ukiwa wa nje, wa barabarani, kaeni mbali na mpigie kampuni ya umeme iukate.

Na sanduku la huduma ya kwanza lisifungiwe ofisini. Mwenye ufunguo huwa hayupo.

---

Nahodha wa Mkanda

Ndugu zangu, mmesema ya nchi kavu, mimi niseme ya maji. Saiti nyingi ziko Shela, Manda, Matondoni, Kipungani. Mgonjwa wa huko anakuja kwa boti. Na mgonjwa mzito akitakiwa apelekwe Malindi au Mombasa, lazima kwanza avuke maji: aende Manda kwenye ndege, au Mokowe upande wa bara kwenye gari, na kutoka Mokowe mpaka Malindi ni zaidi ya kilomita 200.

Watu wa mjengo wanapiga simu "leta boti" kana kwamba maji ni barabara. Siku za bamvua, mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, maji hukupwa kabisa saa nne kwenda saa tano asubuhi. Ndio wakati nyinyi mko juu ya majukwaa. Mahali ambapo alfajiri niliegesha boti ukingoni, saa tano ni matope na mwamba. Mtanibebea mgonjwa mpaka wapi? Na kusi ikivuma, kupita mbele ya Shela na mtu aliyevunjika mgongo si jambo dogo.

Kwa hiyo fomeni, ongeza mtu mmoja: wa gatini. Asubuhi ajue maji yanakupwa saa ngapi, boti itaegesha wapi saa ile, na nahodha gani yuko karibu na ana mafuta. Asimngoje mgonjwa afike ndipo aanze kuuliza.

---

Fomeni wa Langoni

Nahodha, umenipa kitu ambacho sikuwa nacho. Nilikuwa nikijua maji kwa ajili ya kushusha mchanga wa jahazi, sikuwahi kuyafikiria kwa ajili ya mtu. Naliandika daftarini leo leo.

---

Kibarua

Samahani wakubwa zangu. Mimi ni kijana wa kuchimba. Tunachimba visima na mashimo ya choo. Mwaka juzi mwenzetu alishuka kwenye shimo la zamani la choo kulisafisha, akaanguka. Ndugu yake akashuka kumtoa, naye akaanguka. Wa tatu tulimshika kwa nguvu. Wote wawili hatukuwapata wakiwa hai. Watu walisema ni shetani wa shimo. Nataka kujua, mpango wa dharura wa shimo unakuwaje?

---

Muuguzi wa Pwani

Pole sana mdogo wangu. Mungu awarehemu.

Ni hewa. Shimo la choo hutoa gesi inayonuka kama yai viza, na ikizidi pua inakufa ganzi, hivyo harufu inapotea wakati hatari imeongezeka. Gesi nyingine hazina harufu kabisa. Mtu anaanguka kwa pumzi chache tu. Anayeshuka kumwokoa anavuta hewa ile ile. Kote duniani, katika vifo vya mashimo na matangi, si wachache walioshuka kuokoa.

---

Fomeni wa Langoni

Kijana wangu, pole kwa wenzako. Na ulivyomshika yule wa tatu, ulimwokoa. Ungemwachia, mngezika watatu.

Hapa naomba kila mtu asome polepole. Kwenye shimo mpango unafanywa kabla ya kushuka, kwa sababu baada ya mtu kuanguka hakuna aruhusiwaye kushuka asiye na chombo cha hewa, na sisi hatuna. Basi anayeshuka afungwe kamba kifuani, kwa mshipi unaopita mabegani, na kamba itokee juu ishikwe na watu wawili wasioondoka hata kwa chai. Bora zaidi kuwe na kapi juu ya magogo matatu, kwa maana mtu aliyezimia ni mzito kuliko mnavyodhani. Akiacha kuitika, anavutwa. Hakuna wa kumfuata. Shimo la zamani lipulizwe hewa safi kwa feni na mpira mrefu, kabla na wakati wote wa kazi, na kama upo uwezo wa kupata kipimo cha gesi, pima. Mshumaa si kipimo. Unaweza kuwaka palipo na sumu. Na pampu ya petroli isiteremshwe kisimani kabisa, moshi wake unaua kimya kimya.

Mtaro wa msingi vile vile. Mchanga wetu huu haushiki, na mita moja ya mraba yenye kina cha mita moja ina uzito wa tani moja na nusu au zaidi. Mchanga ukimfukia mwenzako, usiruke ndani. Ukingo wa pili unaweza kukufuata. Kwanza watu warudi nyuma ya ukingo, mashine izimwe, mbao ziegemezwe, ndipo kufukua kwa mikono karibu na mwili.

---

Mjenzi Malindi

Moto je? Huku hoteli nyingi tunazozitengeneza zina makuti.

---

Fomeni wa Langoni

Kwa makuti mimi sina mapatano. Mtungi mdogo wa kuzimia moto unaisha kwa chini ya sekunde 30. Kama moto uko kwenye ndoo ya rangi au kwenye karatasi za simiti, jaribu mara moja, mgongo ukiwa upande wa mlango. Kama umeshagusa makuti, toka na toa majirani walio upande upepo unakoelekea, maana cheche zinaruka paa hadi paa. Kuchomelea chuma chini ya makuti ni marufuku kwangu. Na baada ya kuchomelea popote pale, mtu abaki akichungulia kwa saa nzima.

---

Kibarua

Na tajiri akikataa? Wetu alisema zoezi la dharura ni kupoteza muda wake, anayetaka kukimbiakimbia akakimbie kwao.

---

Fomeni wa Langoni

Mwambie kwa adabu, na kama unaweza mwende wawili watatu. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inamtaka mwenye mahali pa kazi awe na utaratibu wa kutoa watu wakati wa dharura, na aujaribu mara kwa mara. Wafanyakazi wakifika 20, lazima kuwe na kamati ya usalama yenye wawakilishi wenu. Na sheria hiyo hiyo inasema mtu aliyeondoka mahali pa kazi kwa sababu ya haki ya kuamini kwamba maisha yake yako hatarini, asifukuzwe wala kuadhibiwa. Mtu akifa kazini, afisa wa usalama wa eneo anatakiwa ajulishwe ndani ya saa 24. Tajiri anayehesabu dakika za zoezi ahesabu pia siku ambazo saiti itafungwa.

Zoezi letu la kwanza lilichukua dakika 11 mpaka jina la mwisho kuitika. Watu walirudi kuchukua simu na viatu. La tatu lilikuwa dakika 4. Sikubadilisha watu, nilibadilisha saa: nililifanya katikati ya kazi, jenereta ikiwaka, punda wakiwa kichochoroni. Ukilifanya asubuhi watu wakiwa wamepanga mstari, unapima mstari.

Keshokutwa tunamwaga zege la ghorofa ya pili. Watu watakuwa 26, tisa kati yao wageni. Nimeangalia mwezi, ni bamvua, kwa hiyo saa nne na nusu ukingo wa karibu nasi utakuwa mkavu. Nahodha, kama uko Lamu siku hiyo, naomba tuonane gatini baada ya alasiri kesho unioneshe boti itasimama wapi, nami nitakuja na kijana nitakayempa kazi hiyo.

---

Nahodha wa Mkanda

Niko. Njooni na ile machela mtakayotumia, tuipime kama inaingia kwenye boti.